Mama Usifute na Mashine Inayofuta

"Shangazi, unaiogopa?"

Niliuliza hivyo mbele ya watoto hamsini na wawili, nikiwa darasa la tano, na nilifanya makosa mawili kwa mkupuo. La kwanza, shuleni sikuruhusiwa kumwita shangazi. Tukishavuka geti alikuwa Mwalimu, nami nilimwamkia kwa heshima kama wenzangu wote, hata kama asubuhi hiyohiyo tulikuwa tumegombania bafu. La pili lilikuwa swali lenyewe. Mwalimu Mkuu alikuwa ametoka kutuletea sanduku la bati lenye tableti hamsini na tatu, zimepangwa wima kama sahani kwenye kabati, na shangazi alikuwa amesimama mbele yake ametupa mgongo, mikono ameifunga nyuma. Mimi nilikaa dawati la mbele. Niliviona vidole vyake vinasuguana kama vya mtu anayesubiri sindano.

Darasa likaangua kicheko. Shangazi akageuka polepole.

"Kaa chini," akasema. "Funga mdomo, fungua daftari."

Nilikaa, nikafunga, nikafungua. Lakini hilo halikuwa jibu, na mimi swali lisilojibiwa hunikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwanza nieleze alikuwa mwalimu wa namna gani. Ni dada mkubwa wa baba yangu, na tangu nipate akili amekuwa akiishi nasi, chumba cha mwisho karibu na jiko. Anafundisha hisabati. Wanafunzi walimpa jina la Mama Usifute, wakidhani halijui, naye alilijua na alilipenda. Siku ya kwanza ya kila mwaka alipita kati ya madawati na kopo tupu la biskuti akikusanya vifutio. "Tia humu. Utachukua siku ya kufunga shule." Penseli zenye kifutio mkiani alizifunga utepe wa karatasi, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kisha akarudi mbele na kusema maneno ambayo hata leo naweza kuyasema usingizini:

"Ukikosea, piga mstari mmoja. Mmoja tu! Usiparueparue kama kuku. Nataka nione ulikopita."

Na kweli alikuwa akiona. Jioni alitandaza madaftari yetu kwenye meza ya kulia akiwa na kalamu yake ya kijani, nasi tukawa tunakula na sahani magotini. Majibu sahihi aliyapitia haraka kama mtu anayepita mtaa anaoujua. Akifika kwenye kosa, alitulia. Alisogeza miwani. Wakati mwingine alicheka peke yake mpaka baba anachungulia kutoka sebuleni.

"Dada, kuna nini?"

"Njoo umwone huyu! Njoo uone alivyozunguka!"

Asubuhi kosa moja lilipanda ubaoni, bila jina la mwenyewe. Nakumbuka moja: mia nne na mbili kutoa mia moja themanini na saba, na jibu limeandikwa mia tatu themanini na tano. Shangazi alikunja mikono na kuuliza swali lake la kila siku.

"Huyu alikuwa anawaza nini?"

"Alikuwa na njaa, Mwalimu!" akapaza sauti mmoja.

"Mwenye njaa angekosea ovyo ovyo. Huyu hakukosea ovyo. Huyu ana kanuni yake. Itafuteni."

Tuliitafuta kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Mwishowe kijana tuliyemwita Injinia, kwa sababu kila kitu alikifungua kuona ndani mna nini, aliruka kutoka kwenye dawati. "Anatoa ndogo kwenye kubwa! Kila safu! Hajali nani yuko juu na nani yuko chini!"

"Haya basi," shangazi akasema, uso umemeremeta. "Kosa hili lina akili. Sasa tumwonyeshe mwenye akili hiyo njia nyingine."

Huenda msiniamini, lakini tulikuwa tukijivuna. Mtu alikwenda mapumzikoni akitamba, "Leo la kwangu limepanda ubaoni!" kama aliyechaguliwa kuwa kiranja.

Tatizo lilikuwa ule ubao. Miaka ishirini na sita ya vumbi la chaki ilikuwa imeingia kifuani mwa shangazi na haikutaka kutoka. Alikohoa kama injini ya asubuhi ya baridi, inakata, inakata, haiwaki. Mwaka ule alikuwa akiandika mistari mitatu, anashika meza, anasubiri pumzi irudi, na sisi tunajifanya tunanakili. Daktari hakuzunguka. Shangazi mwenyewe alitusimulia akiwa hajavua hata viatu:

"Kasema nichague. Ubao au mapafu. Eti viwili haviwezekani."

"Na ubao mweupe wa kalamu?" baba akauliza.

"Nimejaribu ule wa ofisini. Harufu ya ule wino inanikaba kuliko chaki."

Mwalimu Mkuu, mtu mpole asiyependa makelele, alimtafutia nafasi kwenye stoo ya vitabu. Utakaa, akamwambia. Utapumzika. Utaandika vitabu vinavyotoka na vinavyoingia. Shangazi akamjibu kwamba atapumzika siku ya kuzikwa, na hata hiyo siku wasimzike na vitabu vya stoo.

Basi tableti zilipofika, pamoja na projekta ya kumulika ukutani, Mkuu akaona njia ya kati. Madarasa mawili tu yangepewa: letu na la jirani. Mwisho wa muhula mkaguzi angekuja kuangalia. Kama shangazi angeweza kufundisha na hizo mashine bila kushika chaki, angebaki darasani. Asipoweza, muhula unaofuata angehamia stoo na sisi tungepewa mwalimu mwingine. Alimwambia hayo faraghani, lakini nyumba yetu ina kuta nyembamba na mimi nina masikio.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivyo. Kitu asichokitaka ndicho pekee kingeweza kumbakiza pale alipotaka kuwa. Ni kama kuokolewa majini na mtu usiyesalimiana naye.

Jumapili alasiri tulikaa mezani, mimi mwalimu, yeye mwanafunzi. Mungu anisamehe, sijawahi kuona mwanafunzi mgumu vile. Aliibonyeza ile tableti kama anakanda unga.

"Gusa tu, shangazi."

"Nimegusa."

"Umesukuma."

"Dada," baba akasema kutoka kwenye kochi, "hiyo si kengele ya mlango. Hakuna mtu ndani wa kukufungulia."

"Wewe soma gazeti lako. Ulipofundishwa kuendesha baiskeli uliangukia banda la kuku, nani alisema neno?"

Baba akarudi nyuma ya gazeti. Mimi uvumilivu uliniisha. Nilimnyang'anya. "Lete nikufanyie, ni kitu cha sekunde moja!"

Hakukasirika. Aliushika mkono wangu, akaufunga na wake.

"Nikikufundisha kugawanya, huwa nakunyang'anya penseli?"

"Hapana."

"Basi nirudishie kosa langu."

Nikamrudishia. Alikuwa na daftari pembeni, jipya, la mistari, na kila hatua aliiandika. Nililichungulia. Ukurasa wa kwanza ulisema: Nimebonyeza pa kufunga nikidhani ni pa kufungulia. Mstari mmoja umepigwa juu yake. Chini yake: Pa kufungulia ni kushoto. Hilo nalo lilikuwa na mstari mmoja. Alifika ukurasa wa kumi na nne kabla hajaiwasha na kuizima mwenyewe bila mimi kusogeza kidole.

Darasani mambo yalikwenda kwa kasi nyingine. Ndani ya tableti mlikuwa na maswali yenye majibu manne, unachagua moja. Ukikosea, inalia kidogo, jibu lako linatoweka, unachagua tena. Ukipatia, nyota ya kijani inaruka. Tulizipenda zile nyota! Sitasema uongo, mimi nilizipenda kuliko mapumziko. Injinia aligundua siku ya pili kwamba ukibonyeza yote manne, moja lazima liwe sahihi, na baada ya hapo alikuwa akibonyeza kama mpiga ngoma. Ijumaa darasa letu lilikuwa na alama tisini na nne kwa mia. Mkuu alizibandika kwenye ubao wa matangazo, akasimama mbele yake akitikisa kichwa kwa furaha.

Shangazi alimwita Injinia mezani.

"Hili la saba umelipataje?"

"Nimebonyeza, Mwalimu."

"Kabla ya kubonyeza uliwaza nini?"

Injinia akafikiri kwa dhati kabisa. "Niliwaza... nibonyeze."

Tulicheka mpaka machozi. Shangazi hakucheka. Jioni ile meza ilikuwa tupu, hapakuwa na madaftari ya kusahihisha, tulikula mezani kama watu, lakini shangazi hakuigusa sahani yake.

"Inaniambia amefika," akasema. "Hainiambii alipita wapi. Inafuta njia yote, inaniachia nyota."

"Basi irudishe," baba akamwambia. "Mwambie Mkuu huwezi."

"Nikamwambie siwezi kitu ambacho mtoto wa darasa la tano anakiweza?" Akasukuma sahani. "Nitaiweza. Halafu ndiyo nitasema siitaki."

Akaifungua ya kwake, ile ya mwalimu, yenye orodha ya majina yetu. Kando ya kila jina palikuwa na namba ya mara ngapi mtu amejaribu. Hakuwa ameigusa sehemu ile kabla. Alishuka nayo kwa kidole, kwa kugusa sasa, si kwa kusukuma, halafu kidole kikasimama.

Kikasimama kwenye jina la msichana tuliyemwita Kimya. Alikaa dawati moja na mimi. Kimya alikuwa mtu wa kuandika tarehe vizuri sana, kwa mwandiko wa kupendeza, na chini ya tarehe hesabu moja au mbili, kisha karatasi nyeupe mpaka mwisho. Hakunyosha mkono. Ukimuuliza kitu alitazama viatu. Kwenye ripoti yake shangazi aliandika "ajitahidi" miaka miwili mfululizo.

Ndani ya tableti palikuwa na kona moja ambayo hakuna aliyekwenda, kwa sababu kule hapakuwa na majibu ya kuchagua. Ilibidi uandike jibu mwenyewe. Kimya alikuwa amehamia huko. Swali la kwanza alilijaribu mara kumi na tisa. La pili mara kumi na moja. La tatu mara nne. Baada ya hapo, mara moja. Mara moja. Mara moja, mpaka mwisho wa orodha.

"Miaka miwili namfundisha," shangazi akasema taratibu. "Kwenye madaftari yangu huyu mtoto karibu hajakosea kabisa."

"Si vizuri?" nikauliza.

"Hajakosea kwa sababu hajaandika."

Jumatatu nilikuwa nakusanya vitabu darasani, kwa hiyo nilisikia. Wengine walikuwa wametoka. Shangazi aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Kimya.

"Kwa nini kwenye daftari huandiki, mama?"

Viatu. Viatu. Halafu, kwa sauti ya mtu anayekiri ameiba: "Mstari unaonekana, Mwalimu. Kila mtu anauona. Kule hakuna anayeona."

Shangazi alinyooka. Nilidhani atamweleza kwamba kosa ni kitu kizuri, kwamba kosa lina akili, yale yote. Badala yake alimgusa bega, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi akikohoa, na mapumziko yote hakuingia ofisini kunywa chai.

Asubuhi iliyofuata aliweka kopo la biskuti mezani na kulifungua.

"Vifutio vyenu. Anayetaka aje achukue, muda wowote. Hataulizwa."

Hakuna aliyesogea. Ilikuwa kama jua limechomoza upande usio wake. Injinia ndiye aliyethubutu. "Mwalimu, ni mtego?"

"Si mtego. Mimi ndiye nilikosea. Nimepiga mstari mmoja."

Njiani kurudi nyumbani, huku nimembebea mkoba, mdomo wangu ukaniwasha. "Kwa hiyo mashine imekushinda?"

"Nani kakwambia tunashindana?" Alitembea hatua kadhaa akivuta pumzi. "Imemwona mtoto ambaye mimi sikumwona. Kwa hilo naishukuru, tena sana. Sasa nitaibana mpaka ifanye ninachotaka mimi."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Aliuliza kila kitu. Aliniuliza mimi, alimuuliza Injinia, alimuuliza fundi kijana aliyelileta shuleni lile sanduku la bati. Hiki kidude cha kupigia picha, kinaweza kupiga picha ya daftari? Kinaweza. Picha inaweza kutokea ukutani kwa projekta? Inaweza. Na mtoto akiandika neno kwenye yake, neno linaweza kutokea ukutani bila jina la mwandishi? Fundi akajikuna kichwa.

"Inawezekana, mama, lakini haikutengenezewa hivyo."

"Kijiko nacho hakikutengenezewa kufungulia kopo, lakini si kinafungua? Nionyeshe."

Tukarudi kwenye karatasi na penseli. Mwenye kupiga mstari alipiga, mwenye kufuta alifuta, na shangazi alipita na tableti yake kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: "Naomba kosa lako." Ukikubali, alilipiga picha. Ukikataa, alipita. Kimya alikataa kila siku, na kila siku shangazi alimwomba kwa adabu ileile na kupita. Alama zetu kwenye mashine zikaanguka hadi sitini na moja. Mkuu akazibandua kwenye ubao wa matangazo kimyakimya.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi alianza darasa la jirani. Palikuwa kimya, unasikia mashine tu zikilia. Alama tisini na nane. Kisha akaja kwetu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, akakaa dawati la nyuma na magoti yakamfika kifuani. Mkuu akasimama mlangoni.

Shangazi aligusa tableti mara moja. Ukutani pakatokea, kubwa kama mlango, mwandiko wa Injinia na alama ya kidole chake kichafu: 0.35 ni kubwa kuliko 0.8.

"Huyu alikuwa anawaza nini?"

Mkaguzi akakohoa kikohozi cha heshima. "Mwalimu, samahani. Hapo pamekosewa."

"Ndiyo, Mkaguzi."

"Basi parekebishwe kwanza, watoto wasije wakanakili."

"Tunajua pamekosewa!" tukapiga kelele kwa pamoja, hamsini na wawili. Mkuu akajifuta paji la uso.

"Wanajua pamekosewa," shangazi akasema. "Hawajajua kwa nini. Tunamtafuta aliyekosea."

"Ni nani?"

"Jina hatulitafuti. Tunatafuta alichowaza. Karibu utusaidie."

Mkaguzi akautazama ukuta. Nadhani hakuwa ameulizwa kitu darasani tangu enzi za kuvaa suruali fupi. "Nafikiri," akasema, "huyu hakusoma."

"Nilisoma!" Injinia akaruka, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Darasa likapasuka. Hata Mkuu alitazama pembeni.

Tukiwa bado tunacheka, maneno yakaanza kutokea ukutani chini ya picha, herufi moja moja, polepole.

Alidhani baada ya nukta namba zinaanza upya. Akaona 35 na 8.

Kisha mstari mwingine.

Lakini 8 imeacha sifuri yake nyumbani.

Nilihisi dawati letu linatetemeka kidogo. Mikono ya Kimya ilikuwa chini ya meza, pamoja na tableti yake. Sikugeuza shingo. Nilitazama mbele kama askari wa gwaride.

"Imeacha sifuri nyumbani!" shangazi akarudia, na furaha ikamchukua. Niliona inavyomchukua. Alikwenda ubaoni kwa hatua tatu, mkono ukapata kipande cha chaki pale kwenye ukingo, mkono ambao haukuhitaji kuulizwa, akaandika 0.80, akaanza kuandika 0.35 chini yake, na kikohozi kikamkamata.

Kilikuwa kirefu. Mkaguzi alisimama. Mkuu aliingia hatua moja ndani. Chaki ilikuwa bado vidoleni mwake, na wote tulioijua habari ile tulijua imemaanisha nini.

Shangazi akaiweka chini. Akanywa maji. Akafuta mkono kwenye sketi, akaichukua tableti, na kwa kidole akaandika sifuri juu ya kioo. Ukutani ikatokea sifuri kubwa iliyopinda, kama yai lililokanyagwa, pembeni ya nane ya Injinia.

"Sasa ipi kubwa?" akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Endeleeni. Nawasikiliza."

Tuliendelea mpaka kengele ilipolia, na hatukuisikia.

Yaliyosemwa ofisini alinisimulia mwenyewe. Mkaguzi alisoma karatasi yake: darasa lina kelele, alama ni za chini kuliko za jirani, mwalimu ameshika chaki kinyume cha maelekezo. Shangazi akamwambia yote ni kweli, ayaandike.

"Yule aliyeandika habari ya sifuri ni nani?" mkaguzi akauliza.

"Siwezi kukutajia. Nilimwahidi."

"Basi niandike nini?"

"Andika kwamba yupo. Mwanzo wa muhula nami sikujua."

Mkaguzi alikaa akizungusha kalamu. Mwishowe akasema: muhula mmoja. Muhula mmoja abaki darasani, na siku Mkuu atakapomwona na chaki, hata kipande, ni stoo bila mjadala. Shangazi hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alirudi darasani, akazikusanya chaki zote, na vipande vidogo kama punje za mahindi, na kile alichotumia asubuhi, akampelekea Mkuu kwenye bahasha. Aliporudi alikuwa na macho mekundu. Alisema ni vumbi, na pengine lilikuwa vumbi.

Muhula ule ukazaa mwingine, na wa tatu, na baada ya hapo stoo ikapata mtu wake na hakuna aliyezungumzia tena. Sasa mimi niko kidato cha tatu. Shangazi bado yuko darasa la tano. Kikohozi kimepungua, hakijaondoka. Kuna siku namkuta anatazama ule ubao mtupu kama mtu anavyotazama nyumba aliyowahi kuishi. Na kuna siku anaisifu projekta mbele ya wageni mpaka baba anamwambia aolewe nayo.

Jumamosi iliyopita alinipigia simu niende shuleni. Wameletewa kitu kipya. Unapiga picha ukurasa wa mtoto, na chenyewe kinakuambia mtoto amekosea wapi na kwa nini. Tulikaa wawili tu katika darasa lile lile, madirisha wazi. Alipiga picha ukurasa mmoja uliojaa mistari, na baada ya muda mfupi maneno yakatokea: mwanafunzi anachukulia tarakimu za baada ya nukta kama namba nzima.

Ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi kabisa, na imechukua muda mfupi kuliko wa kuvaa miwani. Shangazi akayasoma mara mbili. Lilikuwa swali lake lile, la kila asubuhi, na limejibiwa kabla hajaliuliza. Akapiga ukurasa mwingine, ikapatia. Akapiga wa tatu; huo ikaukosea, akaguna, lakini niliona hata hilo halikumfurahisha sana. Alikuwa ameificha mikono chini ya meza.

"Shangazi," nikamwambia, "unaiogopa?"

Akanitazama juu ya miwani. Nilidhani ataniambia nikae chini nifunge mdomo.

"Naiogopa," akasema. "Na ile ya kwanza niliiogopa, na ulivyoniuliza mbele ya watu nilitamani kukufinya. Lakini mtoto akiogopa hesabu, mimi simwambii aende nyumbani. Namwambia aandike. Isogeze hapa. Na usinishikie."